Gari linaingiza maji: uzibue, uzibe au ubadilishe? Ulinganisho wa njia za kutafuta na kutibu

Masika ikishika Dar es Salaam, gereji hupokea malalamiko yaleyale: kapeti limelowa, gari linanuka uvundo, vioo vinashika ukungu kila asubuhi. Jibu la kwanza la mafundi wengi ni bomba la silikoni. Fundi anakizunguka kioo cha mbele, anapaka, anachukua hela yake, na mvua inayofuata maji yanarudi palepale. Silikoni haina kosa hapo. Maji hayakuwa yakipitia kwenye kioo.

Magari mengi tunayoendesha huku ni Toyota na Nissan zilizotumika Japani kwa miaka kadhaa kabla hazijapanda meli. Zikifika hapa zinalala chini ya miembe na miarobaini, zinapigwa jua la mwaka mzima, zinafunguliwa milango na mafundi wa alamu na wa muziki, kisha mvua za Machi mpaka Mei zinazikuta katika hali hiyo. Msimamo wangu nautaja mapema, maana ndio unaoongoza ulinganisho wote huu: katika magari haya, maji huingia zaidi kwa sababu njia yake ya kutokea imeziba au imevurugwa, kuliko kwa sababu gundi imekwisha. Kwa hiyo kuzibua kunatangulia kuziba, na kutafuta kunatangulia vyote viwili.

## Anza na swali la bure: maji yanakuja lini?

Kabla hujamlipa mtu, chunguza siku chache maji yanatokea wakati gani. Jibu la swali hilo hupunguza kazi kuliko kifaa chochote.

Kama kapeti la abiria wa mbele linalowa hata siku za jua kali, shuku AC. Katika magari haya ya usukani wa kulia, evaporeta, ile sehemu ya AC inayopoza hewa, mara nyingi hukaa upande wa kushoto, nyuma ya kiboksi cha dashibodi. Hewa ya Dar, Tanga au Mombasa ina unyevu mwingi, na evaporeta inaugeuza kuwa maji ambayo yanatakiwa kushuka kwenye mrija mdogo wa raba na kudondoka chini ya gari. Mrija ukiziba, maji yanajaa kwenye boksi lake na kumwagikia miguuni mwa abiria. Nakumbuka dada mmoja aliyeleta Noah gereji ya mtaani kwetu akiwa amechoka kabisa. "Fundi, mwezi uliopita nimepakwa silikoni kioo kizima, na maji bado." Fundi, mzee mtulivu, hakugusa kioo. "Dada yangu, mvua tuiache kwanza. Washa AC, weka baridi ya mwisho, tukae hapa." Wakakaa robo saa, na chini ya gari pakavu, hakuna hata tone. Fundi akaliweka gari kwenye stendi, akaingia chini, akauona ule mrija, akausokota kidogo kwa vidole na kupitisha uzi laini wa nailoni. Kwanza lilitoka tope la kijivu, halafu maji baridi yakamwagika mfululizo mpaka akahamisha kichwa. Hakukuwa na kazi nyingine.

Kama unyevu unateleza ukiusugua kati ya vidole, una rangi nyekundu, ya waridi au ya kijani, na una harufu ya utamu utamu, hiyo ni kulanti, yaani maji ya kupozea injini, kutoka kwenye rejeta ndogo ya hita. Kioo cha mbele nacho kitashika ukungu wenye mafuta usiofutika vizuri kwa kitambaa. Usionje kwa ulimi. Kulanti ni sumu. Angalia kiasi kwenye chupa yake injini ikiwa imepoa.

Kama maji yanaingia gari likiwa linatembea kwenye mvua lakini haliingizi likiwa limeegeshwa, elekeza macho kwenye raba za milango, kingo za kioo cha mbele na chini ya gari, ambako matairi hurusha maji kwenye vizibo vya sakafu. Likiingiza likiwa limeegeshwa tu, angalia namna lilivyoinama. Gari lililolala pua juu hupeleka maji ya paa nyuma, na mirija ya mbele ya sanrufu, yaani dirisha la paa, haifanyi kazi yake sawasawa. Na kama tatizo hujitokeza ukitoka kuosha gari tu, pengine hakuna tatizo. Mashine ya presha ikielekezwa kwenye raba kwa karibu hupenyeza maji hata kwenye gari zima kabisa.

Kingine: mahali palipolowa si lazima pawe mahali maji yalipoingilia. Maji hufuata nyaya, hufuata kingo za bati, hupita chini ya kapeti kutoka mbele hadi nyuma. Kwa hiyo inua kapeti uone bati lenyewe. Alama ya vumbi lililokaukia kwenye bati inaonyesha mkondo vizuri kuliko doa la juu.

## Njia za kutafuta, zikiwekwa bega kwa bega

Mpira wa maji na msaidizi ndani. Hii ndiyo naipa nafasi ya kwanza. Mmoja anakaa ndani na tochi, plastiki za vizingiti na kapeti vikiwa vimefunuliwa. Mwingine nje anamwaga maji taratibu bila kubana mdomo wa mpira. Siri yake ni kuanzia chini kupanda juu, eneo moja moja, kila eneo dakika kadhaa kabla ya kuhama: kwanza kizingiti, halafu kona ya chini ya kioo, halafu ubavu wa kioo, halafu paa. Ukianza juu, maji yatashuka kila mahali na hutajua ni tundu lipi lililopitisha. Haina gharama ila uvumilivu, na ubaya wake ni kwamba mtu akiwa na haraka anamwaga gari zima kwa mpigo na kurudi na jibu la uongo.

Mashine ya presha. Watu huichagua kwa sababu iko kila kona panapooshwa magari. Kwa kutafuta uvujaji ni chaguo baya. Inaonyesha matundu ambayo mvua haiyajui, na inaweza kulowesha soketi za umeme. Itumie kwa kuosha matope chini, basi.

Mapovu ya sabuni. Funga vioo na milango yote, washa feni ya dashibodi mwisho, weka ivute hewa ya nje, kisha nyunyizia maji ya sabuni kwenye kingo za kioo, maungio ya paa na kuzunguka taa za nyuma. Hewa inayosukumwa ndani inatafuta upenyo, na penye upenyo mapovu yanachemka. Ni nzuri sana kwa kioo cha mbele na kwa maungio yasiyofikika na mpira wa maji, na haileti maji mengi ndani ya gari ambalo tayari limelowa. Ila ujue kwamba kila gari lina matundu ya kutolea hewa nyuma, kwa kawaida yamefichwa na bampa. Hewa kutoka huko ni kawaida. Na hewa haitakuonyesha mrija ulioziba. Hapo ndipo inaposhindwa na mpira wa maji.

Chaki au karatasi kwa milango. Paka chaki kwenye raba, funga mlango, fungua, tazama mstari uliochapwa kwenye bati. Ulipokatika ndipo raba haigusi. Au bana kipande cha karatasi mlangoni na ukivute: kikitoka bila ubishi, hapo pana nafasi. Haraka, rahisi, lakini kwa milango na mfuniko wa buti tu.

Mashine ya mawimbi ya sauti. Kisanduku kinawekwa ndani ya gari kikitoa sauti ya juu isiyosikika kwa sikio, na fundi nje anazunguka na kipokezi kinachoifanya isikike, akisikiliza kwa hedifoni. Ni safi, haimwagi hata tone, na hutaja eneo kwa karibu sana. Gereji zenye kifaa hiki ni chache, na kama mapovu, hakitakwambia lolote kuhusu mrija wenye tope. Iendee baada ya njia nyingine kushindwa.

Ukiniambia nichague mbili tu: mpira wa maji kwa utaratibu ule wa chini kwenda juu, na mapovu kwa kioo cha mbele. Zinamtosha mwenye gari karibu kila wakati.

## Kuzibua au kuziba: sehemu tatu ambapo watu huchagua vibaya

Aliyeunda gari alijua maji yataingia sehemu fulani, akayatengenezea njia ya kutoka. Mtu asipojua hilo, ataziba alipotakiwa kuzibua.

Bonde chini ya wipa. Maji yote ya kioo cha mbele hushukia kwenye bonde lililofunikwa kwa plastiki yenye matundu, yakatokea pembeni, nyuma ya matairi ya mbele. Na humo humo ndimo feni ya dashibodi inamovutia hewa ya nje. Majani ya mwembe hukaa juu ya plastiki na unaweza kuyaokota. Majani madogo ya mwarobaini na mjohoro hupenya chini, yanaoza na kuwa tope jeusi linaloziba njia za pembeni. Mvua kubwa ikija, bonde linajaa, maji yanapanda hadi tundu la hewa na kumiminika ndani kupitia kwenye feni. Kipimo chake ni rahisi: fungua kiboksi cha dashibodi, toa chujio la hewa. Likiwa limelowa au lina vipande vya majani, umeshapata jibu, na hakuna silikoni itakayokusaidia. Ng'oa mikono ya wipa, toa plastiki, zoa tope kwa mkono. Usilisukume kwa presha likashuka kwenye njia. Halafu mwaga maji taratibu na uhakikishe yanatoka pande zote mbili za gari.

Milango. Maji hupita kila siku kati ya kioo cha mlango na raba yake, yanashuka ndani ya bati la mlango na kutoka kwa matundu madogo kwenye ukingo wa chini. Hiyo ni kawaida kabisa. Kinachoyazuia yasije kwako ni karatasi ya nailoni iliyobandikwa nyuma ya pambo la mlango. Fungua mlango uliopitiwa na fundi wa spika au wa vioo vya umeme uone: nailoni imekatwa kwa kisu kuzunguka spika, kona moja inaning'inia, na spika yenyewe ina miduara ya maji kwenye karatasi yake. Kuanzia hapo kila mvua inapita kwenye mpasuko huo na kushukia kwenye kapeti, na mwenye gari anabadilisha raba ya mlango ambayo haina ubaya wowote.

Tiba ni mbili, na zinakwenda pamoja. Kwanza zibua matundu ya chini kwa kitu cha plastiki, mfano tai ya kufungia nyaya. Msumari unakwangua rangi na kuacha kutu. Ukisikia maji yakicheza ndani unapofungua mlango, ujue matundu hayo yameziba. Pili, weka nailoni mpya nzima. Ile nene ya ujenzi inafaa, ikibandikwa kwa mkanda wa butili, ule laini wa raba unaonata, kuzunguka pande zote, na ukingo wake wa chini uelekezwe ndani ya mlango ili maji yanayoteremka juu yake yarudi kwenye bati. Ukiubandika ukingo huo kwa nje, umeyaelekeza maji kwenye kapeti kwa mikono yako.

Sanrufu. Hapa ndipo nasikitika zaidi, kwa sababu tiba ya kawaida ya mtaani ni kuigundisha isifunguke tena. Raba ya sanrufu haikutengenezwa kuzuia kila tone. Chini yake kuna trei, na kwenye kona za trei kuna mirija, kwa kawaida minne, inayoshuka ndani ya nguzo za mbele na za nyuma. Fungua sanrufu, mimina maji kidogo kwenye kona moja, tazama kama yanatokea chini ya gari. Fanya hivyo kila kona. Mrija ulioziba uzibue kwa uzi wa mashine ya kukatia majani, taratibu. Kompresa ni ya haraka lakini ya hatari: presha ikizidi, mrija unachomoka kwenye kiungo ndani ya nguzo, na sasa maji yanamwagika juu ya nyaya na ya mfuko wa hewa (airbag) wa pembeni kama upo. Kati ya uzi na kompresa, chagua uzi. Kati ya kuzibua na kugundisha paa, chagua kuzibua, hata kama hutaki kuifungua sanrufu tena maisha yako yote, kwa sababu gundi ya juu ikipasuka kwa jua, mirija bado itakuwa imeziba.

## Ikibidi kuziba: gundi ipi, wapi?

Sasa tuseme mapovu yamechemka kwenye kona ya kioo, au tochi imeonyesha tone likipenya kwenye taa ya nyuma. Hapa gundi ina haki yake, ila kila moja ina mahali pake.

| Gundi | Mahali pake | Nguvu yake | Ubaya wake |
|---|---|---|---|
| Silikoni ya dukani | Karibu hakuna kwenye bodi ya gari | Bei ndogo, inapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi | Ile yenye harufu ya siki huchochea kutu. Mabaki yake hayashikwi na rangi wala gundi nyingine |
| Poliyurethini ya vioo | Kioo cha mbele na vioo vyote vilivyogundishwa | Hushika kioo na bati kama kitu kimoja | Inataka bati safi, praima (rangi ya kwanza ya kushikisha gundi) na muda wa kukauka |
| Mkanda wa butili | Nailoni za milango, taa za nyuma, vishikio vya keria | Haikauki wala kupasuka, unabandua na kurudishia | Hauwezi kubeba kioo cha mbele |
| Gundi ya viungo vya bodi | Maungio ya mabati: paa, buti, mahali pa tairi la spea | Hupigwa rangi juu | Ikipakwa juu ya kutu au vumbi haidumu |

Kuhusu kioo cha mbele nitasema zaidi, maana ni suala la uhai. Kioo hicho ni sehemu ya uimara wa gari. Mfuko wa hewa wa abiria ukilipuka, katika magari mengi huegemea kioo ili ujikunjue kumwelekea mtu, na gari likipinduka kioo husaidia paa lisibonyee. Kioo kilichoshikwa kwa silikoni kinaweza kung'oka wakati huo huo ambao kinahitajika. Kwa hiyo chaguo hapa si kati ya gundi ya bei ndogo na ya bei kubwa. Kama uvujaji unatoka kwenye kioo, kioo kitolewe, kutu ikwanguliwe mpaka bati safi, praima ipakwe, kisha poliyurethini mpya. Kupaka juu kwa nje kunaficha kutu inayoendelea kula bati chini.

Poliyurethini hizi hukauka kwa kuvuta unyevu wa hewani, hivyo hali ya hewa ya pwani inazisaidia. Muda wa kusubiri kabla ya kuendesha hutofautiana kwa bidhaa na huandikwa kwenye bomba lenyewe. Mwambie fundi akuonyeshe maandishi hayo. Na siku hiyo acha dirisha moja wazi kidogo. Mlango ukifungwa kwa nguvu gari likiwa limefungwa lote, hewa inasukuma kioo na kufungua gundi mbichi.

Kwa taa za nyuma kazi ni nyepesi. Sponji inayozunguka taa huwa imebonyea. Fungua nati, toa taa, safisha bati, zungushia mkanda wa butili, kaza kwa usawa bila kuumiza plastiki. Maji yanayojaa mahali pa tairi la spea mara nyingi yanaanzia hapo, au kwenye matundu ya hewa nyuma ya bampa yaliyovunjika gari lilipogongwa na kunyooshwa. Kuchomoa kizibo cha raba chini ya spea ili maji yatoke ni msaada wa dharura tu. Barabara ikijaa maji, yataingilia hapo hapo.

## Raba za milango: mpya, mtumba au ya mita?

Raba mpya ya gari lenyewe ndiyo bora na ndiyo ghali. Ya mtumba, utakayoikuta Gerezani kwa Dar au Kirinyaga Road kwa Nairobi, ina umbo sahihi na kona zake zimeundwa, lakini imeshabonyea kwa mlango mwingine. Ibonyeze kwa kidole. Isiporudi haraka, iache. Raba ya mita ndiyo nafuu, na kwa gari la kazi inafaa kama umechagua kipimo: tumbo likiwa nene mno mlango haufungi bila kubamizwa, na likiwa jembamba maji yanapita. Kiungo chake kikae chini ya mlango, kamwe kisikae juu.

Lakini kwanza jaribu kuiokoa uliyonayo. Ioshe kwa maji ya sabuni, ikauke, ipake mafuta ya silikoni yanayouzwa kwa ajili ya raba. Grisi na mafuta ya kujipaka hufanya raba hizi kuvimba na kulegea. Na kama chaki inakatika kwenye kona moja tu ya juu, huenda raba haihusiki; mlango umeshuka kwenye bawaba au uligongwa. Hiyo ni kazi ya fundi wa bodi.

## Rejeta ya hita: kubadilisha au kuiruka?

Katika magari mengi kuifikia rejeta ya hita ni kushusha dashibodi nzima. Ndiyo maana mafundi wa pwani huunganisha mabomba yake mawili upande wa injini, kulanti isiingie tena ndani. Kwa gari linaloishi Dar, Zanzibar au Mombasa naona ni uamuzi wa busara: hita haitumiki, na ukungu wa kioo unaondolewa na AC. Kwa mtu wa Njombe, Makete, Mbeya au Limuru, lipa ibadilishwe. Asubuhi za baridi bila hewa ya moto kwenye kioo ni hatari barabarani. Popote ulipo, hakikisha mabomba yamekazwa kwa klipu nzuri na mfumo umetolewa hewa, la sivyo injini itachemka.

## Ufanye mwenyewe au umpe fundi?

Majani chini ya wipa, matundu ya milango, nailoni, taa za nyuma: mtu mwenye spana na subira anafanya mwenyewe. Mrija wa AC unafanya kama gari limekaa kwenye stendi imara. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Kioo cha mbele mpe fundi wa vioo, maungio ya bati mpe fundi wa bodi, na usiwachanganye. Gari la haibridi, linalotumia injini pamoja na mota ya umeme, kama Prius au Aqua, lina betri kubwa nyuma au chini ya kiti cha nyuma. Maji yakiwa huko, usiguse nyaya za rangi ya chungwa, mwite anayezijua.

Ukimpa mtu kazi, mwombe akuonyeshe maji yakiingia kabla ya kukutajia bei. Anayekataa kumwaga maji kwanza hajui anachokiziba.

## Kukausha: juani au kutoa kapeti?

Chini ya kapeti kuna sponji nene inayoshika lita za maji. Juu panaweza kukauka kwa siku moja ya jua, chini pakabaki chepechepe kwa majuma, na huko ndiko kutu, uvundo na soketi zenye kutu ya kijani zinakoanzia. Kwa hiyo jua peke yake linafaa kama uliwahi na ni sehemu ndogo iliyolowa. Bonyeza gazeti kwa nguvu kwenye kapeti, likilowa, inua. Njia ya kati inayofanya kazi vizuri ni kung'oa plastiki za vizingiti, kuinua kapeti, kulitegea vipande vya mbao chini, kunyonya maji kwa vakyumu na kuacha feni ipulize usiku. Masika ikiwa imeshika, kuwasha AC wakati wa kuendesha hukausha kuliko kufungua vioo, kwa sababu hewa ya nje yenyewe imejaa maji.

Kama ni mafuriko, gari lilipita bonde la Jangwani, Dar, na maji yakafika vitini, hakuna mjadala: viti na kapeti vitoke vyote. Tenganisha betri na usubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa soketi za njano chini ya viti, maana ni za mifuko ya hewa na mikanda, na usiwashe swichi mpaka zimerudishwa.

Usirudishe kapeti wala plastiki siku hiyohiyo ya matengenezo. Gundi ikishakauka kwa muda wake, rudia kipimo kilekile kilichoonyesha tatizo, mahali palepale, kwa muda uleule, tochi mkononi na bati likiwa wazi. Likibaki kavu, acha mvua moja ya kweli inyeshe, pitisha mkono kwenye bati asubuhi yake, ndipo ufunge.